Kong wa China na Gong wa Korea: uanzie wapi kufuatilia nasaba ya jina 孔

Jina la ukoo linaloandikwa 孔 husomwa Kong nchini China na Gong nchini Korea. Herufi ni moja, na kwa sehemu kubwa ukoo ni mmoja: ule wa Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, wa mji wa Qufu katika mkoa wa Shandong. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wamelikuta jina hilo kwenye Taasisi za Confucius, ambazo barani Afrika zilianzia Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005. Lakini anayetaka kujua mtu fulani wa jina hili ametoka kwa nani hukutana na njia mbili zisizofanana hata kidogo. Ipo ya vitabu vya nasaba vya China, na ipo ya sajili za serikali na vitabu vya koo vya Korea. Hapa tunazilinganisha ili ujue uanze na ipi.

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili. Kama kuna babu yeyote wa upande wa baba aliyezaliwa Korea, anza Korea, hata kama familia imekuwa ikisema kwamba asili yao ni China. Kama hakuna, anza China, tena anzia kijiji cha babu na jina lake kamili. Qufu utafika baadaye. Anayeanza na Confucius na kushuka chini hupotea, kwa sababu huko juu kila mtu anaunganika na kila mtu. Kazi halisi iko kwenye vizazi vinne au vitano vya karibu.

Kwanza uione herufi yenyewe

Tahajia za Kilatini zimewapoteza watu wengi kwenye jina hili. Mkorea anayejiandika Gong au Kong kwa kawaida ni 孔, ila wapo Gong wachache wa herufi 公, na hao ni ukoo mwingine. Ukihamia China mambo yanageuka. Kule 孔 huandikwa Kong, na anayejiandika Gong ni wa jina tofauti kabisa, kama 龚, 宫 au 巩. Mtu wa Hong Kong anayejiandika Kong huenda ni 江, jina ambalo Beijing husomwa Jiang, ilhali 孔 wa Hong Kong hujiandika Hung na kuchanganyika na watu wa 洪. Nyaraka za zamani za Taiwan na za Wachina wa Marekani hutumia Kung, na Kung hiyohiyo hubeba 龔 pia. Vietnam ni Khổng.

Kwa hiyo usifungue kitabu chochote cha nasaba kabla hujaiona herufi. Itafute nyuma ya picha za arusi, kwenye pasipoti za zamani, kwenye cheti cha Korea chenye jina kwa herufi za Kichina. Jiwe la kaburi ndilo bora kuliko vyote, hasa kwa Wachina waliozikwa ugenini, maana mara nyingi juu ya jina la marehemu huchongwa wilaya na kijiji alikotoka. Piga picha jiwe lote, pamoja na herufi ndogo za pembeni. Pembeni ndiko yanakoandikwa majina ya watoto wa kiume walioliweka jiwe, na hayo ndiyo yatakayokupa herufi ya kizazi kinachofuata.

Upande wa China: shina kubwa, na vichaka pembeni yake

Kong halikuanza na Confucius. Nasaba ya Qufu inalipeleka nyuma hadi ukoo wa Zi, yaani wafalme wa Shang. Shang walipoangushwa na Zhou katika karne ya 11 KK, uzao wao ulipewa dola ya Song, katika Henan ya leo. Humo alitokea Kong Fujia, mkuu wa majeshi, aliyeuawa na hasimu wake Hua Du mwaka 710 KK. Uzao wake ulichukua neno Kong kutoka kwenye jina lake la heshima, ukahamia dola ya Lu, na huko Lu akazaliwa Confucius mwaka 551 KK.

Katika enzi hizohizo walikuwapo akina Kong wengine. Dola za Zheng na Wei zilikuwa na Kong waliotoka ukoo wa Ji, na Chen ilikuwa na Kong wa ukoo wa Gui. Hao hawana undugu na Confucius kwa baba. Uzao wao umechanganyika na wengine kwa zaidi ya miaka 2,000, na kwa jina peke yake hakuna namna ya kuwatenganisha.

Kuna pia wale ambao Qufu huwaita Kong wa nje. Kwa masimulizi ya ukoo, mwaka 913, China ilipokuwa imegawanyika, mtu aliyeitwa Kong Mo alimuua Kong Guangsi, mkuu wa kizazi cha 42 kuhesabu kutoka kwa Confucius, akajitwalia nafasi yake. Mzee wa kale wa Kong Mo alikuwa mtumishi wa jina la Liu aliyepewa jina la mabwana zake. Mtoto mchanga wa Guangsi, Renyu, alifichwa kwa watu wa upande wa mama yake, na alipokua akarudishiwa haki. Renyu, kizazi cha 43, ndiye Qufu wanayemwita mzee aliyeufufua ukoo, na matawi yote makuu ya pale huhesabiwa kutoka kwake. Kwa karne nyingi vitabu vya Qufu vilitenga wa ndani na wa nje kwa ukali mkubwa: wa nje hakuandikwa hata kama aliishi mtaa mmoja nao.

Matawi yaliyoondoka Qufu kabla au baada ya hapo yana historia zao. Kubwa ni tawi la kusini: Kong Duanyou wa kizazi cha 48 alikimbia na watawala wa enzi ya kifalme ya Song (si ile dola ya kale ya Song) karibu mwaka 1128 na kukaa Quzhou, mkoa wa Zhejiang. Wapo wa Guangdong, na wapo wa Gansu, kama kijiji cha Dachuan kando ya Mto Manjano. Katika mikoa ya magharibi kuna hata Kong walio Waislamu, kwa njia ya ndoa na Wahui, yaani Wachina Waislamu.

Upande wa Korea: mlango mmoja

Hapa hadithi ni fupi zaidi, na ufupi huo ni faida kwa mtafiti. Katikati ya karne ya 14 binti mfalme wa Mongolia, anayejulikana Korea kama Noguk, aliolewa na Gongmin aliyekuja kuwa mfalme wa Goryeo, dola ya Korea ya wakati ule. Katika msafara wake alikuwamo msomi wa Qufu, Kong Shao, ambaye Wakorea humsoma Gong So. Jina lake la awali liliandikwa 昭. Herufi hiyo ilikuwa ya jina la mfalme wa zamani wa Goryeo, Gwangjong, na haikuruhusiwa kutumiwa, ndipo akaandikwa 紹. Alipewa cheo cha heshima kilichofungamana na mji wa Changwon, kusini mwa peninsula, na uzao wake ukaitwa Gong wa Changwon.

Shikilia jina hilo la Changwon. Mwaka 1794 mfalme Jeongjo, aliyewaheshimu sana wafuasi wa Confucius, aliamuru ukoo uhesabiwe kuwa wa Gokbu, ambayo ni Qufu kwa matamshi ya Kikorea. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amejenga hekalu la Gwollisa huko Osan, mahali alipofundisha Gong Seo-rin, msomi wa karne ya 16. Matokeo yake kwa mtafiti ni kwamba hati za kabla ya 1794 zinasema Changwon na za baadaye zinasema Gokbu, na watu ni walewale. Wanaotafuta "Gong wa Gokbu" kwenye orodha za mitihani ya utumishi wa serikali ya karne ya 17 hawakuti kitu, wakadhani nasaba imekatika.

Sensa ya Korea Kusini ya 2015 iliwahesabu Gong wa 孔 karibu 90,000. Kwa Korea hilo ni jina dogo, ukilinganisha na Kim walio zaidi ya milioni 10.

Hati ya kwanza: hapa Korea inashinda

Kila Mkorea ana jina la ukoo na bon-gwan, yaani mahali panapohesabiwa kuwa kitovu cha ukoo wake. Kim wa Gimhae na Kim wa Gyeongju ni koo mbili. Bon-gwan huandikwa kwenye cheti cha uhusiano wa familia kinachotolewa na serikali. Haikuwa pambo tu, kwa sababu kifungu cha 809 cha Sheria ya Madai kilikataza watu wa jina moja na bon-gwan moja kuoana. Mahakama ya Katiba ilikitengua mwaka 1997 na sheria ikabadilishwa 2005. Hadi hapo kila familia ililazimika kuijua bon-gwan yake, kwa kuwa ndoa ya mtoto ilitegemea hilo.

China kuna kitu kinachofanana nacho kwa sura tu. Kwenye sajili ya kaya huandikwa jiguan, mahali pa asili, lakini hapo ni alikoishi babu wa upande wa baba. Familia ikihama, vizazi viwili baadaye jiguan imebadilika. Bon-gwan haibadiliki hata ukoo ukihama mara 10. Kwa hiyo Mkorea aliyeandikiwa Gokbu anaweza kuwa hana babu aliyeiona Qufu kwa miaka 650, na Mchina aliyeandikiwa jiguan ya Sichuan anaweza kuwa wa tawi lililotoka Qufu juzi. Usizitafsiri kuwa kitu kimoja kwenye fomu. Kosa hilo tunaliona mara kwa mara kwenye makala zinazoandikwa kwa haraka.

Ukiomba hati Korea, usiishie kwenye cheti cha kisasa. Mfumo wa zamani wa kaya chini ya mkuu wa familia ulifutwa tarehe 1 Januari 2008, na cheti kilichouchukua nafasi yake kinaonyesha wazazi, mwenyewe, mwenzi wa ndoa na watoto, basi. Unachotaka ni nakala ya sajili iliyofungwa, inayoitwa jejeok-deungbon. Hiyo inaweza kukurudisha hadi mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa kuwa huwataja wazee waliokuwa hai wakati ule, unafika kwa watu waliozaliwa karne ya 19. Wanaoruhusiwa kuomba ni mwenyewe, mwenzi wake, au ndugu wa mstari wa moja kwa moja juu na chini. Binamu hapewi. Aliye ng'ambo hupitia ubalozi.

Ukikuta majina ya Kijapani kwenye kurasa za kuanzia 1940, usidhani umepewa faili la mtu mwingine. Serikali ya kikoloni ililazimisha majina hayo, na mwaka 1946 yalifutwa na ya asili kurudishwa. Tatizo lisilo na dawa ni Korea Kaskazini: bon-gwan iliondolewa kwenye maisha ya kiserikali huko, na sajili za familia zilizotoka kaskazini wakati wa vita vya 1950 hadi 1953 mara nyingi ziliundwa upya kusini kwa maneno ya mdomo.

Herufi ya kizazi: hapa China inashinda, tena kwa mbali

Tangu enzi za Ming akina Kong wa Qufu wamepewa herufi maalumu kwa kila kizazi, na kila mwanamume wa kizazi hicho anaibeba kwenye jina lake. Utaratibu wa kawaida ni jina la ukoo, herufi ya kizazi, kisha herufi yake binafsi. Kuanzia kizazi cha 66 zinasomeka hivi: Xing 興 (66), Yu 毓 (67), Chuan 傳 (68), Ji 繼 (69), Guang 廣 (70), Zhao 昭 (71), Xian 憲 (72), Qing 慶 (73), Fan 繁 (74), Xiang 祥 (75), Ling 令 (76), De 德 (77), Wei 維 (78), Chui 垂 (79), You 佑 (80), Qin 欽 (81), Shao 紹 (82), Nian 念 (83), Xian 顯 (84), Yang 揚 (85). Mwaka 1919 ziliongezwa 20 zaidi, kwa hiyo zimepangwa hadi kizazi cha 105.

Jaribu kwa watu wanaojulikana. Kong Xiangxi, waziri wa fedha wa China kuanzia 1933, ni kizazi cha 75. Kong Decheng, wa mwisho kushika cheo cha ukabaila cha ukoo huu, aliyezaliwa 1920 na kufariki Taiwan 2008, ni wa 77. Kong Shangren, mtunzi wa tamthilia wa karne ya 17, ni wa 64, na Shang 尚 ndiyo herufi ya 64. Angalia pia hesabu ya miaka: kutoka 551 KK hadi 1920 ni miaka 2,470, na kutoka kizazi cha 1 hadi cha 77 ni hatua 76, yaani wastani wa miaka 32 na nusu kwa kizazi. Kitabu kikikupa wastani wa miaka 20 au wa 45 kwa vizazi vingi mfululizo, kuna vizazi vilivyoongezwa au vilivyorukwa.

Mitego iko mitatu. Wa kwanza ni miiko ya majina ya wafalme. Herufi ya kizazi cha 61 ilikuwa Hong 弘 na ya 65 ilikuwa Yin 胤, na zote mbili zilikuja kuwamo kwenye majina ya wafalme wa Qing. Zikabadilishwa kuwa Hong 宏 na Yan 衍. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuandikwa Yin katika kitabu cha zamani na Yan katika kipya. Wa pili: Xian iko mara mbili, ya 72 na ya 84, na kwa herufi za Kilatini huwezi kuzitofautisha. Wa tatu ni mkubwa zaidi. Koo za Meng, Yan na Zeng, za wanafunzi na warithi wa elimu ya Confucius, hutumia mfuatano huohuo, na hata Kong wasio wa Qufu wameuiga. Herufi inakuambia mtu anajihesabu wapi, ila haithibitishi kwamba ameandikwa kitabuni.

Korea nayo ina herufi za vizazi, lakini usizisome kwa orodha ya Qufu. Gong Ro-myung, waziri wa mambo ya nje wa zamani, jina lake ni 魯明. Mwandishi wa riwaya Gong Ji-young ni 枝泳. Hakuna hata herufi moja kati ya hizo nne iliyomo kwenye orodha hapo juu. Desturi ya Korea ni herufi ya kizazi kuhama, kizazi hiki iwe ya kwanza na kinachofuata iwe ya pili, na familia nyingi za leo zimeiacha kabisa, hasa kwa majina ya wasichana.

Kuhesabu vizazi pia kunatofautiana. Qufu humhesabu Confucius kuwa wa 1. Vitabu vya Korea humweka Gong So kwenye 53 au 54, kutegemea kama Confucius mwenyewe amehesabiwa, na mzee wa Kikorea akisema "mimi ni wa 24" kwa kawaida anahesabu kutoka kwa Gong So. Ukichukua 54, jumlisha 24 toa 1, unapata 77. Muulize kwanza anahesabu kutoka kwa nani, na kama huyo wa kwanza yumo kwenye hesabu. Hitilafu ya kizazi kimoja ndiyo ya kawaida kuliko zote, na karibu kila mara chanzo chake ni hiki.

Ukishakifungua kitabu

Ukurasa wa jokbo, kitabu cha ukoo cha Korea, kwa kawaida umegawanywa safu sita za mlalo, kila safu kizazi kimoja, cha juu kikiwa cha zamani. Unasoma kutoka kulia. Penye 子 pana mtoto wa kiume. Penye 女 pana binti, lakini katika matoleo ya zamani jina linalofuata ni la mumewe, si lake. 配 ni mke, 生 kuzaliwa, 卒 kufa, 墓 kaburi, mara nyingi na jina la kilima na upande kaburi linakoelekea. Zichunguze sana mbili: 出系, kwamba mtoto ametolewa kwa ndugu asiye na mrithi, na 无后, kwamba hakuacha mrithi. Usipoiona 出系 utamfuata baba wa kulea ukidhani ni wa kuzaa, au kinyume chake.

Safu ya sita ikiisha, utaona herufi moja ndogo inayokupeleka ukurasa mwingine. Haitafutwi kwenye kamusi. Ni namba, iliyochukuliwa kutoka kwenye shairi la herufi 1,000 ambalo watoto walijifunzia kusoma: 天 ni 1, 地 ni 2, 玄 ni 3, 黃 ni 4. Chapisha shairi hilo lenye namba pembeni, uliweke mezani. Bila hilo kila kuruka ukurasa kutakula nusu saa.

Kitabu cha China, jiapu, mara nyingi hutenganisha mchoro na maelezo. Mchoro hupangwa vizazi vitano kwa mara moja, na maelezo ya kila mtu yako kwenye sehemu nyingine. Mbele kabisa kuna kanuni za kitabu, zinazosema nani anaandikwa na nani haandikwi. Zisome kwanza, maana ndiko utakapojua kama watoto wa kulea, watawa na mabinti waliachwa. Mtu asipoonekana, mara nyingi jibu liko kwenye kanuni hizo.

Tarehe zinasumbua pande zote mbili. Miaka huandikwa kwa mzunguko wa 60, na jiazi, mwaka wa kwanza wa mzunguko, inaweza kuwa 1864, 1924 au 1984. Toa 4 kwenye mwaka wa kawaida na ugawanye kwa 60. Isipobaki kitu, huo ni jiazi. Kuchagua mzunguko sahihi unatazama umri wa baba na wa watoto. Kumbuka pia kwamba aliyezaliwa mwezi wa 12 wa kalenda ya mwezi mara nyingi yumo kwenye Januari au Februari ya mwaka unaofuata.

Uaminifu wao

Kitabu kikuu cha Qufu kina sifa ambayo vitabu vingine vya nasaba havina: kimeandaliwa na ukoo wenye ofisi, mapato na cheo cha serikali. Cheo cha kikabaila cha Yansheng kilitolewa mwaka 1055 na kilidumu hadi karne ya 20, na kumbukumbu za jumba la Kong zilizobaki zinaanzia 1534 hadi 1948. Mwaka 1966 walinzi wekundu, vijana wa Mapinduzi ya Kitamaduni, walifukua makaburi na kuvunja mawe Qufu, na vitabu vingi vya vijijini vilichomwa kote China, lakini toleo kubwa lililokamilika 1937 lilisalimika. Toleo la 2009 lina majina zaidi ya milioni 2 na kwa mara ya kwanza liliwaingiza wanawake, watu wa makabila mengine na wa nchi za nje, wakiwamo wa Korea.

Hapo ndipo uangalifu unapohitajika. Toleo la 1937 lilikuwa gumu kuingia. La 2009 lilifungua milango, na baadhi ya matawi yaliunganishwa kwa ushahidi mwembamba kuliko ule uliotakiwa zamani. Kwetu sisi, mtu aliyeonekana 1937 na 2009 yuko imara. Aliyeonekana 2009 tu anahitaji kitabu cha kijiji chake kumshika mkono.

Jokbo za Korea zina udhaifu wa namna nyingine. Mwishoni mwa Joseon, ufalme uliofuata Goryeo, hadhi ya ukabaila iliondoa mzigo wa kodi ya jeshi, na watu wa kawaida walinunua nafasi kwenye vitabu vya koo kubwa. Kisha mwaka 1909 sheria ya usajili iliwataka wote wawe na jina la ukoo, wakati wengi, hasa waliokuwa watumwa, hawakuwa nalo. Wengi walichagua majina makubwa kama Kim, Lee na Park, ila hakuna ukoo uliosalimika kabisa. Dalili ya kuangalia ni tawi linalochomoza ghafla kwenye toleo la karne ya 19 au 20, likiunganishwa na mtu ambaye toleo la awali liliandika 无后. Aliyekufa bila mrithi hawezi kupata wajukuu baada ya miaka 150.

Anayeijua shajara ya masharifu wa Lamu ataitambua hali hii: mizizi na matawi ya karibu ni wazi, na mashaka yote hukaa katikati.

Kipimo cha vinasaba hakimalizi mjadala. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, kwa hiyo wanaume wawili wakipimwa utajua kama wana baba mmoja wa mbali. Hakitakuambia kama baba huyo ni Confucius, maana hakuna mwili wake uliopimwa wa kulinganisha nao. Mtoto wa kulea mmoja katika vizazi 70 anatosha kubadilisha majibu huku nasaba ya kitabuni ikibaki halali kwa desturi zote mbili.

Uchague nini

Una babu Mkorea wa kusini na jamaa wa karibu aliye hai: chukua njia ya Korea. Omba jejeok, pata jina la babu aliyezaliwa karne ya 19 pamoja na kijiji, kisha upeleke kwa chama cha ukoo au utafute jokbo katika Maktaba ya Taifa Seoul. Kuingia kwenye nasaba ya Qufu kutakuja kupitia kwa Gong So bila wewe kugusa Kichina.

Una babu Mchina na herufi ya kizazi imo kwenye jina lake: chukua njia ya China, anza na kitabu cha kijiji, kisha tawi, kisha Qufu. Maktaba ya Shanghai ina hazina kubwa ya jiapu, na tovuti ya FamilySearch ina picha nyingi za vitabu vya China na Korea bila malipo. Tafuta kwa 孔 pamoja na jina la wilaya.

Una babu Mchina asiye na herufi ya kizazi: usilazimishe Qufu. Huenda ni Kong wa Zheng, wa Wei au wa Chen, huenda ni wa nje, huenda familia iliacha desturi tu. Andika ulichokithibitisha na uishie hapo.

Unamfuatilia mwanamke wa ukoo huu: Korea ina nafasi kubwa zaidi kwa waliozaliwa kabla ya 1900, kwa sababu hata jina lake likikosekana, jina la mumewe na bon-gwan ya mume vimo, na unaweza kumkuta tena kwenye jokbo ya mume akiwa na baba yake ametajwa. China utategemea chanzo kimoja tu cha kumbukumbu: kitabu cha ukoo alikoolewa, kinachomtaja kama "bibi wa Kong".

Babu ametoka kaskazini mwa Korea: omba sajili iliyoundwa upya kusini, kisha tafuta jokbo iliyochapishwa kabla ya 1945, kwa kuwa baada ya hapo matawi ya kaskazini huandikwa kwa kumbukumbu za waliovuka. Na kama unakusanya nyaraka ili familia iingizwe kwenye toleo lijalo, desturi ya Qufu ni marekebisho madogo kila miaka 30 na makubwa kila 60. Weka nakala za herufi zenyewe, si tahajia za Kilatini peke yake, na kwa kila mtu andika baba, mama, tarehe kwa kalenda zote mbili, na mahali pa kaburi.